Kiganja Kwenye Kiwiko

Mashine haikukosea. Naanza na hilo, maana tangu kesi ile iishe kila mtu hapa Wete anajifanya alijua zamani kwamba Pua ni takataka ya chuma. Uongo mtupu! Walikuwa wakiiamini kuliko macho yao, na mimi nikiiamini kuliko wao, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiitunza na kuisemea mahakamani. Jina langu Zuwena Vuai, Mpimaji Mkuu wa Ushahidi, Pemba. Kazi naijua. Anayebisha na aje ofisini, chai ipo.

Asubuhi ile Pua ilipotoa jina, nilikuwa natafuna mkate wa kumimina. Skrini ikawaka kijani, ikaandika: Mize Makame, mkaazi wa Limbani. Ufanano, tisini na tisa nukta nane kwa mia. Nikaacha kutafuna. Bi Mize nani asiyemjua? Nusu ya wanawake wa mji huu walipoolewa, yeye ndiye aliyekuwa somo wao, aliyewaweka ndani, akawafunda, akawatoa. Sasa mashine ilikuwa inasema mama wa makamo yale ameingia kwenye chumba baridi cha Hazina ya Miche na kuua miche ya mikarafuu ya kisiwa kizima.

Hazina ile ndiyo iliyokuwa tumaini letu. Ukungu mweusi ulikuwa umeshamaliza mikarafuu kuanzia Konde mpaka Mkoani, na miche pekee isiyougua ilikuwa imelelewa mle ndani, nyuma ya milango miwili na bafu la dawa. Huingii mpaka uoge na ubadilishe nguo. Kuna mtu aliingia bila kuoga. Ukungu ukaingia naye, na miche yote ikalala chini, myeusi. Watu walilia barabarani kama waliofiwa. Na watu wakilia hivyo, wanataka mtu wa kumshika.

"Thabiti," akasema Khatibu Faki akiwa bado mlangoni. Khatibu ni mkurugenzi wangu, mtu mwema, mwoga kidogo, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. "Andika Thabiti tumalize, Zuwena. Bibi yule alisimama nje ya geti la Hazina akawaapiza mchana kweupe, kisa shamba la marehemu baba yake limechukuliwa kujengwa pale. Sababu anayo. Mashine imemtaja. Unangoja nini?"

"Nangoja kumaliza mkate wangu."

"Jaji anataka neno."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu hasa, kutoa neno. Pua yenyewe hainusi harufu, ingawa watu wanadhani hivyo. Ngozi ya kila binadamu ina vijidudu vyake, mamilioni kwa mamilioni, visivyomdhuru, na mchanganyiko wake haufanani na wa mtu mwengine. Ukishika kitasa unaviacha pale. Tunapangusa kitasa kwa pamba, pamba inaingia Pua, Pua inatafuta kati ya sampuli za wakaazi wote na kutoa jina na asilimia. Lakini mahakimu walichoka na asilimia. Mwanasheria mmoja anasema tisini ni nyingi, mwengine anasema kumi iliyobaki ndiyo mteja wangu. Basi sheria ikaamua: kila majibu ya Pua yapewe neno moja kati ya matano, neno lichaguliwe na binadamu, na binadamu huyo aliapie. La kwanza ni Thabiti. Ukiandika Thabiti, mtu anafungwa kwa majibu hayo peke yake, hakuna haja ya shahidi wa pili. Kwa kosa la Hazina, kifungo kilikuwa maisha.

"Naangalia sampuli moja moja kwanza," nikamwambia.

"Tisini na tisa nukta nane, Zuwena!"

"Nimesikia. Mimi ndiye niliyeisoma."

Akaondoka akinung'unika. Nikafungua sampuli. Kitasa cha nje, Bi Mize. Kitasa cha ndani, Bi Mize. Ukingo wa rafu ya tatu, Bi Mize. Hapo nikasimama. Waliopangusa ushahidi huwa wanaandika alama imeachwa na kiungo gani, na rafu ile ina umande wa baridi, inaonesha vizuri. Waliandika: kiwiko. Mtu aliinama kuangalia miche, akaegemea kwa kiwiko.

Kiwiko kina vijidudu vyake, na kiganja kina vyake, hata kwa mtu huyo huyo mmoja. Kiganja kinashika unga, pesa, mtoto, mlango. Kiwiko kimekaa kikavu, hakigusi kitu. Mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anaweza kuvitofautisha. Na vile vilivyokuwa kwenye alama ya kiwiko vilikuwa vijidudu vya kiganja. Kiganja cha Bi Mize, safi, wazi, bila utata wowote.

Nikajisemea kwa sauti, peke yangu mle ofisini, "Ala! Nani duniani ana kiganja kwenye kiwiko?"

Nikatafuta zaidi. Mtu akiingia chumbani anaacha mikono, lakini anaacha pia nywele, pumzi, jasho la shingo. Vya Bi Mize vya aina hiyo havikuwemo hata kimoja. Viganja tu. Chini yake kulikuwa na mabaki, vijidudu vichache vya mtu mwengine, vichache mno kutajwa jina. Pua ina desturi ya kuyaweka mabaki kama hayo kapuni na kumtaja mwenye vingi. Ndivyo ilivyofundishwa.

*

Nilimkuta Bi Mize rumande ya wanawake, amekaa kwenye mkeka, kanga begani, utadhani yeye ndiye mwenye nyumba na askari ni wageni.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huko serikalini hawali?"

"Tunakula. Kazi tu."

"Kazi haikondeshi. Umeolewa tena wewe?"

"Bado, Bi Mize."

"Mmh." Ile mmh yake ilinitosha mwaka mzima. "Haya, umekuja kunipima nini tena? Mate mmechukua, ngozi mmekwangua."

Nikakaa mkekani. "Nimekuja kukuuliza. Uliingia Hazina ya Miche?"

"Sikuingia. Nimewaapiza, hilo sikatai, na nikitoka nitawaapiza tena. Lakini mimi na mlango wao wapi na wapi."

"Aliyeingia unamjua?"

Akanyamaza. Alikuwa amenyamaza hivyo hivyo mbele ya polisi na mbele ya wakili wake, na wote waliuchukua ukimya huo kuwa ni dalili ya hatia. Mimi nilikuwa naangalia viganja vyake vilivyolala magotini. Mistari yake ilikuwa ya njano, rangi iliyoingia na kukataa kutoka. Liwa, dalia, manjano, maua ya waridi yaliyotwangwa. Singo.

Ndoa yangu haikudumu, wallahi hata mashuka hayakuchakaa, lakini singo naikumbuka. Siku saba ndani, mlango umefungwa, asubuhi na jioni somo wangu ananisugua kwa mikono yake, mikono, mgongo, miguu, mpaka ngozi ya zamani imetoka yote kwa vipande vidogo vidogo na iliyobaki laini siitambui. Kila alichokuwa nacho mikononi alinipaka mimi. Vijidudu vyangu vilitwaliwa na kutupwa pamoja na yale makapi.

Basi ndivyo! Bi harusi akitoka ndani, kwa siku kadhaa anatembea na viganja vya somo wake mwili mzima. Na Pua haikuwahi kufundishwa hilo, kwa sababu waliozunguka kisiwa kuchukua sampuli, miaka kabla sijaajiriwa, walikuwa wanaume, tena wanaume wa hapa hapa, waliolelewa. Walipofika nyumba yenye mwari ndani, walifanya ambacho kila mwanamume mwenye adabu angefanya. Hawakubisha hodi. Wakaruka nyumba, wakaenda ya pili. Mashine ikajifunza kisiwa kisicho na bi harusi hata mmoja.

"Bi Mize," nikasema polepole, "mwari wako wa mwezi uliopita alikuwa nani?"

Akakunja uso. "Mambo ya mwari wangu hayakuhusu."

"Unaweza kufungwa maisha."

"Nimesikia. Nilipopewa usomo niliapa kwamba ya ndani siyatoi nje. Siyatoi kwa mume, siyatoi kwa mama mkwe, sembuse kwa mtu na mashine yake. Nikianza leo, kesho msichana gani ataniamini?"

Jina sikulihitaji kutoka kwake. Wete si mji wa kuficha harusi. Arafa Sheha, mtaalamu wa miche wa Hazina, binti aliyeilea ile mikarafuu tangu ikiwa punje, alikuwa ameolewa mwezi ule. Siku miche ilipoambukizwa alikuwa kwenye fungate, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Nilijua, na Bi Mize alijua kwamba nimejua.

"Sikiliza," nikamwambia. "Nataka kuwaonesha mahakamani kwamba mashine inaweza kumtaja mtu asiyekuwepo. Nisugue mimi. Viwiko tu, asubuhi na jioni mpaka siku ya kesi. Sitakuomba useme kitu."

"Halafu wakikuuliza wewe?"

"Jina la mtu halitatoka kinywani mwangu."

"Hata jaji akikuapisha?"

Mimi ni mtu wa kiapo, mshahara wangu wote umesimama juu ya kiapo. "Nitamwambia jaji ninachojua kwa uhakika," nikasema. "Kwa uhakika simjui mtu. Nina mabaki yasiyosomeka na harusi iliyopita. Hayo sitayaita ushahidi hata wanitundike."

Alinitazama kwa muda mrefu, ananipima. Nimezoea kupima watu, sijazoea kupimwa, na sikuipenda.

"Kalete singo," akasema mwishowe. "Na usinunue ile ya pakiti. Ile ni vumbi la mbao."

*

Khatibu aliposikia aliingia ofisini kwangu na kufunga mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Ofisi ilikuwa inanukia waridi na karafuu. Nilikuwa nimekunja mikono ya baibui ili viwiko vipate hewa.

"Umepata wazimu," akasema.

"Sijapata. Harufu nzuri, ee?"

"Zuwena, nakuheshimu, nisikilize. Unataka kumtoa bibi yule? Mtoe. Andika Dhaifu. Dhaifu maana yake sampuli ilikuwa mbovu, pamba imelowa, joto limezidi, basi. Kesi inafutwa, bibi anarudi kwake, na hakuna anayeulizwa zaidi. Hata huyo mtu wako wa mabaki anapona. Kila mtu analala."

Sitadanganya, lilinivutia. Lilikuwa pendekezo zuri. Neno moja dogo, na Bi Mize anatoka, Arafa haguswi, kazi yangu imebaki.

"Sampuli haikuwa mbovu," nikamwambia. "Ni sampuli safi kuliko zote nilizowahi kuona. Nikisema ni dhaifu nitakuwa nimeilaumu pamba kwa kosa la mashine."

"Basi andika Wa Mashaka!"

"Wa Mashaka unamruhusu jaji kuutumia akipata shahidi wa pembeni. Wako watu mia waliomsikia akiapiza pale getini. Atafungwa kwa mashaka, tena haraka. Na Wa Kutosha ndiyo usiutaje kabisa."

Khatibu akakaa. Alijua lililobaki, na mimi nilijua kwamba amejua. Neno la tano lilikuwa halijawahi kuandikwa Pemba.

"Ukiandika Batili," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "husemi majibu haya ni mabaya. Unasema njia yenyewe ni mbovu. Sheria haina huruma hapo. Pua inazimwa kisiwa kizima siku hiyo hiyo, na kila hukumu iliyotegemea Thabiti inafunguliwa upya. Unamkumbuka Mgeni Hamadi?"

Namkumbuka. Mgeni Hamadi alichoma nyumba na watu wakiwa ndani. Hakukuwa na shahidi hata mmoja, ilikuwa Pua peke yake, kiganja chake kwenye mpini wa dumu. Naamini alifanya. Naamini mpaka leo.

"Mgeni hakusuguliwa singo," nikasema.

"Sheria haiulizi kama alisuguliwa! Atatoka, Zuwena. Atarudi kijijini kwake, awapite njiani wazazi wa wale waliokufa motoni. Utawaambia nini?"

Niliogopa, na hofu hiyo haikuwa ya kazi wala jina. Niliona nyuso za wale wazazi kama ziko mezani pangu. Khatibu hakuwa mjinga, na hoja yake haikuwa ya woga tu. Mashine ile ilikuwa imewalinda watu wengi. Lakini nilijiuliza jambo ambalo halikuwa na jibu: masomo wangapi kama Bi Mize wako jela sasa hivi? Mabibi harusi wangapi waliiba, wakaharibu, na mikono ya mtu mwengine ikalipa? Labda hakuna hata mmoja. Labda wapo. Sikuwa na njia ya kujua, na mashine isiyoweza kukuambia lini inakosea huwezi kuiapia hata siku inapopatia.

"Nitawaambia wampeleleze upya," nikasema. "Wampeleleze kwa macho na kwa maswali, kama watu walivyokuwa wakifanya. Kama alifanya, ataonekana."

"Na asipoonekana?"

"Basi nitakwenda kwa wazazi wale mwenyewe, niwaambie usoni. Sitakutuma wewe."

Khatibu alisimama, akanyoosha shati ambalo halikuwa na mkunjo. "Wewe ni mkaidi kama mama yako," akasema, na akatoka bila kunikataza. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kutonikataza ndio ujasiri wake wote aliokuwa nao, na alinipa wote.

*

Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Bi Mize kizimbani, kanga mpya, amenyamaza. Arafa nilimwona safu ya nyuma pamoja na wafanyakazi wa Hazina, piko ya harusi imefifia mikononi, macho yamevimba. Nikageuza uso haraka nisije nikamtaja kwa kumtazama.

Wakili wa serikali, Bwana Sleyum, ni mtu wa sauti nene na anaijua. Alieleza miche, akaeleza maapizo, akaiweka Pua ndogo ya kubeba juu ya meza na kuipapasa mgongoni. "Mheshimiwa Jaji, hii haina ndugu wala jirani. Haisemi tetesi. Imemtaja mshtakiwa."

Jaji Thuwaiba alinigeukia. Mama mkavu, miwani puani. "Mpimaji, sogea. Umeshaapa. Neno lako?"

Nikasogea mpaka mezani pake, nikainama kumsalimu kwa heshima zote, nikaegemea ukingo wa meza kwa viwiko vitupu, mikono ya baibui nimeipandisha kimya kimya. Nikakaa hivyo muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa.

"Mheshimiwa, kabla ya neno, naomba Bwana Sleyum apanguse meza yako kwa pamba. Hapa nilipo. Apanguse mwenyewe, mimi nisiguse kitu."

"Kwa nini?" akauliza Bwana Sleyum.

"Kwa sababu unaiamini mashine."

Watu wakacheka. Jaji akaonesha kwa kidole, apanguse. Akapangusa, akatia pamba. Pua ikavuta pumzi yake ndogo kama kawaida, ikawaza, skrini ikawaka kijani. Bwana Sleyum akasoma, akasoma tena, midomo inacheza.

"Tusomee," akasema Jaji.

"Inasema... Mize Makame. Tisini na tisa nukta sita."

Ukumbi ukavuma. Bi Mize alikuwa kizimbani, hatua nyingi kutoka pale, na pingu mikononi.

"Imeharibika," akasema Bwana Sleyum.

"Haikuharibika hata kidogo," nikamjibu. "Imesema kweli. Vijidudu hivyo ni vya Bi Mize, vya viganja vyake hasa. Lakini nimevileta mimi." Nikakunja tena mikono ya baibui, nikainua viwiko, njano, vinanukia mpaka kwa karani. Wanawake walikuwa wa kwanza kuelewa. Nilisikia "Lo!" moja kutoka upande wao, halafu nyingi. Wanaume walichelewa kidogo, ikabidi niwaeleze: singo inaondoa vya mtu na kumwachia vya aliyemsugua, na Pua haijawahi kupewa mtu wa namna hiyo ili ijifunze. "Majibu ya Hazina ni sahihi, Mheshimiwa. Mkono wa Bi Mize ulifika mle ndani. Bi Mize mwenyewe hakuna kinachoonesha kwamba alifika. Kwenye rafu kuna kiganja chake kilichopigwa kama mhuri na kiwiko cha mtu mwengine."

Jaji alivua miwani. "Basi unaupa neno gani ushahidi huu? Dhaifu?"

Nilimwona Khatibu pembeni, amefumba macho.

"Sampuli haina kasoro, Mheshimiwa, siwezi kuiita dhaifu. Mashaka sina, kwa hiyo siwezi kuuita wa mashaka. Kosa liko kwenye njia tunayotumia kutoka kwenye pamba kufika kwenye mtu. Neno langu ni Batili."

"Unajua matokeo yake."

"Nayajua. Na yule atakayetoka kwa neno hili na alistahili kubaki, nitabeba lawama yake mimi."

Nikaandika. Karani akathibitisha. Ile Pua ndogo mezani ikazima taa yake, na nikajua kwamba wakati huo huo kubwa yake ofisini kwangu nayo imezima, na ya Chake, na ya Mkoani. Nilikuwa naipenda ile mashine, sijali nani anacheka.

Bwana Sleyum hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. "Mheshimiwa, vizuri. Lakini kiwiko kina mwenyewe! Mpimaji ametuambia kuna mtu aliyesuguliwa na mshtakiwa akaingia mle. Aulizwe mshtakiwa. Au aseme yeye, maana uso wake unaonesha anajua."

Jaji alimgeukia Bi Mize. Kimya. Akanigeukia mimi. "Mpimaji, uko chini ya kiapo. Unamjua?"

"Nina dhana, Mheshimiwa."

"Itaje."

"Dhana si dalili, na dalili si ushahidi. Nina harusi moja na mabaki yasiyosomeka. Nikitaja jina hapa leo, jioni mji mzima utasema Mpimaji kathibitisha, na hakuna nilichothibitisha. Sitaji."

"Naweza kukuweka ndani kwa kuidharau mahakama."

"Unaweza, Mheshimiwa. Mkeka upo, nimeshauona."

Hakuna aliyecheka. Jaji alikuwa ameshafungua mdomo, na sidhani alikuwa ananitania, ndipo kiti kikakwaruza sakafu huko nyuma.

"Kaa chini!"

Ilikuwa sauti ya Bi Mize. Kesi nzima hakuwa ametamka neno, na sasa ameshika ubao wa kizimba kwa mikono miwili, pingu zinalia. "Kaa chini, mwanangu! Nimeshamaliza mimi, kaa!"

Arafa hakukaa. Mtandio ulikuwa umemteleza. "Siwezi, somo yangu. Nisamehe. Siwezi tena."

"Wewe ni nani?" akauliza Jaji.

"Arafa Sheha. Miche ile niliilea mimi." Akashika mgongo wa kiti cha mbele yake. "Nilikuwa fungate. Niliota imekauka. Kila nikifumba macho naiona imekauka. Mchana wakwe walipolala nikatoka, nikasema naiangalia tu nirudi. Lakini bafu la dawa... ukioga pale singo yote inakwenda, na piko inapauka, na mama mkwe angejua nimetoka kabla siku hazijatimia. Nikaliruka bafu. Nilikuwa na asumini kichwani, zimechumwa uani, chini ya mikarafuu iliyokufa. Sikufikiri. Niliinama nikaitazama, ilikuwa mizima, Mheshimiwa, mizima yote, nikafurahi. Ni mimi niliyeiua." Halafu akalia kwa sauti, na akina mama kadhaa wakalia naye.

Jaji Thuwaiba alivaa tena miwani. Aliponiuliza hakuwa na ukali. "Mpimaji. Na huu nao unaupa neno gani?"

"Huu siupimi mimi, Mheshimiwa," nikasema. "Amesema mwenyewe."

"Basi aseme taratibu, yaandikwe," akasema Jaji, akavuta karatasi. "Na mfungueni yule bibi."

Askari alipomfungua pingu, Bi Mize hakungoja kuambiwa aende wapi. Alishuka kizimbani, akapita kati ya watu bila kumtazama mtu, mimi akanigusa bega tu, akafika safu ya nyuma. Akamfuta Arafa uso kwa ncha ya kanga. Akamrudishia mtandio kichwani na kuufunga vizuri, bila haraka, na ukumbi mzima unamngoja.

"Simama wima," akamwambia. "Usilie kwanza. Sema polepole, jaji anaandika."